Viper kwenye IST: rimoti ya pili nshaiprogramu mwenyewe, kuwasha enjini kwa rimoti ndo hakutaki. Wenye uzoefu tusaidiane

Mtoto wa Fuoni

Assalam alaykum jamani. Nna Toyota IST ya 2003, oto (gia zinajibadili zenyewe), nnayo mwaka wa tatu sasa. Kaka yangu yuko Maskati kaniletea boksi la Viper, alamu pamoja na kuwasha enjini kwa rimoti, lilikuwa ndani ya katoni lake na rimoti mbili na kitabu. Nkampa fundi mmoja hapa mjini afunge, gari imekaa kwake siku mbili, ikatoka king'ora kinalia, milango inajifunga na kujifungua vizuri, lakini rimoti moja tu ndo inashika na kuwasha enjini hakuna kabisa, nikibonyeza naskia rile inakoroma kidogo taa za pakingi zinapepesa mara kadhaa basi kimya. Nlivorudi ananambia rimoti ya pili mbovu ninunue nyengine, na enjini ati IST hazikubali.

Juzi baada ya isha nkakaa na kitabu mwenyewe na tochi ya simu. Kumbe rimoti nzima, haijafunzwa tu! Naeleza nlivofanya maana najua wapo wenye shida kama yangu. Chini ya usukani kuna kitufe kidogo chenye waya wake, ndo kitufe cha valeti, cha kulaza alamu na kuiprogramu, changu fundi alikifunga na tepu nyuma ya kifuniko cha fyuzi, nimekitafuta karibu nusu saa. Nkafungua mlango wa dereva, nkazungusha funguo mpaka taa za dashibodi ziwake bila kupiga stata, halafu haraka haraka, usipitishe sekunde tano, nkabonyeza kitufe mara moja nkaachia, nkabonyeza tena nkakishikilia hapo hapo. King'ora kikalia kidogo na kitaa chekundu kikapepesa, huku bado nimeshikilia kitufe nkabonyeza rimoti mpya, king'ora kikajibu. Basi, imeingia. Ukichelewa kama sekunde 15 au ukifunga mlango au ukizima funguo inatoka yenyewe kwenye kuprogramu unaanza upya. Mimi mara ya kwanza na ya pili nlichelewa, ya tatu ikakubali.

Sasa iliobaki ni enjini. Hivi kweli IST hazikubali?

Waya Mwekundu

Waalaykum salaam. Umefanya vizuri kusoma kitabu, watu wengi wananunua rimoti mpya bure wakati kitufe kiko chini ya miguu yao. Ila muangalie kila mtu kitabu cha boksi lake, kuna boksi unabonyeza mara nyingi zaidi, na hizi za Kichina nyingi hazina hata haja ya kitufe, unawasha na kuzima funguo mara kadhaa ndo zinaingia kwenye kujifunza.

IST inakubali, nshafunga nyingi. IST nyingi za miaka hiyo hata chipu ya kuzuia wizi kwenye funguo hazina kwa hivyo ni katika gari nyepesi kuliko zote. Boksi lako linakataa kwa sababu kuna kitu halijaridhika nacho na hizo taa zinavyopepesa ndo linakwambia. Hesabu mara ngapi, kisha fungua kitabu ukurasa wa sababu za kuzima, kila idadi ina maana yake.

Lakini kabla hujaendelea naomba unisikilize hapa, maana mimi hii kazi naifanya mwaka wa 14 na niliyoyaona ndo yananifanya niseme. Gari kuwaka kwa rimoti si kazi ngumu, ni waya wa stata na waya za swichi ya funguo basi. Kazi ni kuifanya gari ijue wakati gani ISIWAKE na wakati gani IZIME. Mafundi wengi huku wanafunga upande wa kuwasha, upande wa kuzima wanaukata wanautia tepu, kwa sababu mteja akija kuchukua gari anataka kuona inawaka tu, hamna mteja anaesema hebu nioneshe inavyozima.

Kwa hivyo kaa chini ya usukani utizame. Kuna waya wa breki umekwenda kwenye swichi ya pedali? Huo ukikanyaga breki unapata moto wa betri, na gari ikiwa imewashwa kwa rimoti ukikanyaga bila funguo lazima izime pale pale. Mtoto akiingia akachezea gia hawezi kuitoa kwenye P, gia ya kuegesha, bila kukanyaga breki, akikanyaga gari inakufa. Kuna swichi ya boneti? Hiyo ni ya kumlinda alieingiza mikono kwenye mkanda wa enjini, boneti likiwa wazi gari isikubali kuwaka kabisa. Kuna waya mweusi wenye mstari mweupe? Kwenye hizi Viper huo ndo wa niutro, wa kujua gari haiko kwenye gia, usipopata ethi (upande wa hasi, bodi ya gari) boksi halikubali hata ufanye nini. Mimi mara nyingi nauungisha na swichi ya hendibreki, ile ya Toyota ukivuta inagusa ethi, kwa hivyo hendibreki ikiwa chini gari haiwaki kwa rimoti. Watu wengine wanaupeleka ethi moja kwa moja, inafanya kazi, lakini ulinzi ushautupa.

Tizama hayo uje.

Na waya wa manjano uliovaa mpira wa manjano usiuguse hata kwa taa ya kupimia. Huo wa eabegi, mfuko wa hewa wa ajali.

Mwana wa Wete

Mimi langu ni kidogo. Noah yangu imekuja toka Japani ina boksi tayari chini ya usukani limeandikwa Kijapani na antena imebandikwa kwenye kioo, rimoti haikuja nayo. Wenyewe Wajapani hasa wa kule kwenye baridi wanawasha gari wakiwa ndani ili barafu iyayuke kwenye kioo. Fundi wangu wa kwanza alitaka kukata waya zote. Je zinaweza kupatikana rimoti zake?

Waya Mwekundu

@Mwana wa Wete hizo ni za Carmate, Yupiteru, Comtec na wenzao. Bila rimoti yake usihangaike. Ila MSIKATE, jamani. Zile zimefungwa kwa plagi, boksi limeingia katikati ya plagi ya swichi ya funguo na plagi ya gari. Unachomoa plagi zake mbili halafu plagi za gari zenyewe unazirudisha zikutane, dakika kumi imekwisha na gari iko kama ilivotoka kiwandani. Ukikata hapo ndo unaanza matatizo ya gari kukataa stata asubuhi. Na huo mkono wa plagi uuweke, ukitaka kufunga nyengine baadae unakusaidia kuzijua waya.

Ukhty Tomondo

Mafundi nina suala. Mimi nina Vitz, alamu ya kawaida tu ya Kichina, rimoti moja imepotea Darajani wiki iliyopita nikinunua vitu vya skuli vya watoto. Usingizi siupati nikiwaza aliyeiokota anabonyeza kila gari mpaka aipate yangu. Nifanye nini? Na hiyo ya kuwasha nikiwa ndani naitamani kwa ajili ya AC, saa saba mchana nikitoka kazini gari inaunguza hata mkanda wa kiti siwezi kuushika.

Mtoto wa Fuoni

Dada pole. Kwenye kitabu changu nimeona boksi linakumbuka rimoti nne tu, ukiingiza ya tano ile ya kwanza kabisa inatolewa.

Waya Mwekundu

Ndio, na hiyo ndo dawa yake. Ukhty, chukua rimoti ulobaki nayo uiprogramu tena mara nne mfululizo, kila mara kama ndo mpya. Nyingi zitajaza nafasi zote nne kwa hiyo rimoti moja na ile ilopotea inatupwa nje. Kuna boksi nyengine ukianza kuprogramu tu zinafuta zote za zamani, hizo ni nyepesi zaidi ila uwe na rimoti zako zote mkononi wakati huo huo, usiingize moja ukasema ya baba watoto kesho, ya kwake itakuwa imefutwa. Namna ya kuhakikisha zimejaza: ukiweza kupata rimoti ya ziada ya aina hiyo iingize kwanza, kisha ingiza ya kwako mara nne, halafu jaribu ile ya ziada. Ikifungua mlango, bado.

Na mchukue tahadhari na hizi rimoti za bei rahisi zenye namba moja isiyobadilika. Zipo rimoti za kunakili, mtu anaishika yako sekunde mbili karibu na yake ameshaichukua. Rimoti nzuri inatuma namba mpya kila ukibonyeza, ya jana haifungui leo. Ukinunua alamu uliza hilo kabla ya kuuliza king'ora kinalia vipi.

AC tutakuja.

Mtoto wa Fuoni

Nimerudi. Mzee wangu Waya Mwekundu, maneno yako yote ni kweli na nimekasirika. Swichi ya boneti haipo, nimeikuta ndani ya katoni kwenye mfuko wake haijafunguliwa. Waya wa breki umefungwa tepu unaninginia. Ule mweusi wa mstari mweupe umekatwa mfupi kama kidole. Yaani fundi hakufunga hata kimoja cha kuzimia, na kwa kuwa ule mweusi hakuupeleka popote ndo maana haikuwaka, na namshukuru Mungu haikuwaka, maana wanangu wawili wadogo wanacheza ndani ya hii gari uwani kila Ijumaa.

Nimenunua waya Kariakoo ya hapa hapa mjini, nimetoboa mahali pa swichi ya boneti karibu na taa ya kushoto, breki nimeipata kwenye pedali kwa mita, ukikanyaga inasoma 12 ukiachia sifuri. Hendibreki nimefanya kama ulivosema. Viungo vyote nimevilehemu nikavalisha mpira. Vile vibanio vya bluu vya kubana waya bila kuchuna fundi alivyotumia nimevitoa vyote, kimoja miezi miwili tu ndani yake kishaota kijani.

Waya Mwekundu

Allah akubariki. Hewa yetu ya chumvi, vibanio vile havikai. Gari ilalayo Mazizini au Malindi pale karibu na maji nimeona waya umeliwa mpaka unakatika mkononi.

Sasa kuifunza enjini. Boksi halijui enjini yako ikiwaka inaonekanaje, kwa hivyo linaweza kuacha stata mapema ikafa au likaendelea kupiga stata enjini ishawaka, ukaskia ile sauti mbaya ya meno ya stata. Washa kwa funguo kama kawaida, ndani ya sekunde tano shikilia kitufe cha valeti, kama baada ya sekunde tatu kitaa kitawaka bila kupepesa, hapo umelifunza, achia. Kitaa kisipokaa ujue waya wa boksi wa kusoma mzunguko wa enjini haujapata mahali pake, kwenye hiyo IST utautoa kwenye waya mmoja wa koili au injekta, ule unaopigwa na kompyuta ya gari, sio wa moto.

Na AC mlioniuliza. Swichi ya funguo ina zaidi ya waya mmoja unaopata moto ukiwasha. Ukiuacha ule wa pili enjini itawaka lakini feni ya AC haizunguki, mtu anatoka ofisini anakuta gari inaunguruma na joto lile lile. Upime na mita, ule unaokufa wakati wa kupiga stata halafu unarudi. Na kabla ya kuzima gari uache feni na AC ziko wazi, boksi haliwezi kukuzungushia vitufe. Dakika tano hadi kumi zinatosha. Gari ya sisi hizi ikisimama na AC inakula kama lita moja kwa saa kwa hivyo dakika kumi si kitu, ila usiseti muda wa saa nzima, weka dakika 12, ndo muda mfupi kuliko yote wa hizo Viper, ukisahau inazima yenyewe.

Wenye gereji zimefungwa nyumbani hii msiitumie. Na wa Mji Mkongwe mnaoegesha kwenye uchochoro chini ya dirisha la mtu, moshi wa enjini hauonekani na unaua aliyelala.

Kijana wa Konde

Sheikh mimi nina Suzuki Escudo manyuo (gia za mkono). Fundi wa Chake, huku Pemba, kanambia ananiwekea hii hii, anarukisha tu swichi ya klachi, ile inayozuia stata mpaka ukanyage. Gari naiacha niutro kila siku, sioni tabu iko wapi.

Waya Mwekundu

Yakhe usifanye. Nakuomba.

Kijana wa Konde

Sababu? Oto inawaka, manyuo isiwake kwa nini, naona mafundi wa Unguja mnapenda kutuogopesha tu.

Waya Mwekundu

Mie mwenyewe mzaliwa wa Mkoani, Pemba hiyo hiyo, sina sababu ya kukuogopesha. Chake ni milima. Ukiegesha pale kwenye mteremko wewe na kila mtu mnaacha gari ndani ya gia, maana hendibreki ya Escudo ya miaka hiyo waya wake ushalegea. Siku moja utaiacha kwenye gia kwa sababu ya mteremko, usiku uko ndani umesahau, unabonyeza. Stata peke yake ina nguvu ya kuisogeza gari, na enjini ikishika inakwenda yenyewe, haina mtu. Nimeiona moja, sitaji wapi, imetoka uwani imevunja ukuta wa jirani na kwenye ukuta ule saa moja kabla walikaa watoto wanasoma Kurani. Hakuna alieumia. Tokea siku ile sifungi kwenye manyuo bila njia ya kiwandani.

Njia ipo. Boksi nzuri zina hali ya manyuo, na nyengine zinatoka kiwandani zimewekwa hivyo hivyo kwa makusudi mpaka fundi aliambie kuwa gari ni oto. Unaegesha enjini inaunguruma, unatia niutro, unavuta hendibreki, unachomoa funguo na gari haizimi, unatoka, unafunga milango, boksi linafunga na ndo linazima enjini. Kama gari ingekuwa kwenye gia isingeweza kubaki inaunguruma mguu uko nje ya klachi, kwa hivyo boksi lina yakini. Mlango wowote ukifunguliwa baada ya hapo, yakini imevunjika, halitakubali kuwasha. Kwa hiyo swichi za milango zote ziwe nzima, hata ya nyuma. Fundi wako akikwambia hayo yote hana haja nayo, mwambie akufungie alamu tu.

Mwana wa Wete

Kijana sikiliza maneno ya mkubwa. Mimi mteremko wa pale naujua.

Mtoto wa Fuoni

IMEWAKA JAMANI. Alhamdulillahi. Nimesimama dirishani nimebonyeza, taa zimewaka, enjini imeshika mara moja. Nimejaribu yote: breki, imezima. Boneti wazi, haikuwaka. Hendibreki chini, haikuwaka. Nimerudia kila moja mara tatu mke wangu akiwa shahidi.

Ukhty Tomondo

Mashallah. Nami zangu nimeziingiza mara nne kama ulivyoelekeza, king'ora kimejibu mara zote. Ahsante sana kaka.

Mtoto wa Fuoni

Narudi baada ya wiki mbili nina shida nyengine. Nlikwenda Pemba msibani siku nne, gari nimeiacha nyumbani, narudi betri imekufa kabisa hata kitaa hakiwaki. Betri ni ya 45Ah (ampia-saa 45), haijafika mwaka. Je alamu ndo inakula?

Waya Mwekundu

Alamu nzima haiui betri kwa siku nne. Gari zima likiwa limelala lisile zaidi ya miliampia 50 au karibu ya hapo. Chaji betri, chomoa waya wa hasi, weka mita katikati kwenye ampia, funga gari na alamu, subiri dakika kama ishirini isinzie, usome. Usipige stata mita ikiwa katikati utaiunguza. Halafu niambie: ukifunga kwa rimoti king'ora kinalia mara ngapi?

Mtoto wa Fuoni

Mita inasoma ampia 0.43, yaani miliampia 430. King'ora kinalia mara moja kisha baada ya sekunde chache kinalia tena. Nlidhani ndo kawaida yake.

Waya Mwekundu

Sio kawaida, hiyo ya pili inakwambia kuna mlango uko wazi. Tizama buti. 0.43 ni taa ya wati 5 inawaka humo ndani, hiyo inakula karibu ampia-saa 10 kila siku, kwa siku nne betri yako karibu yote imekwenda.

Mtoto wa Fuoni

Subhanallah. Nimeweka simu inarekodi ndani ya buti nikafunga. Taa inawaka usiku kucha. Fundi alipochukua waya wa swichi ya buti kwa ajili ya alamu aliubana kwenye bodi umechubuka unagusa ethi. Nimeutenga, nimeuvalisha mpira, sasa mita inasoma 0.03 na king'ora kinalia mara moja tu.

Mwana wa Wete

Na ukija tena Pemba na gari ndani ya meli ukumbuke kuiweka valeti, yaani alamu ilale, kabla hujaiacha huko chini, sensa ya mtikisiko ikikutana na mawimbi ya mkondo italia mpaka Mkoani na betri itakwisha upya. Hata ukiipeleka kuoshwa au gereji ni hivyo hivyo.

Kijana wa Konde

Waya Mwekundu samahani kwa maneno yangu ya juu. Fundi nimemuuliza habari ya swichi za milango na ile ya kutoka na funguo gari inaunguruma, akanambia hiyo haijui. Nimemwambia anifungie alamu na sentro loki, ya kufunga milango yote pamoja, basi. Ukivuka kuja Mkoani nijuze nikuletee uitizame, mlango wa nyuma wa kulia taa ya ndani haiwaki ukifungua.

Waya Mwekundu

Hamna samahani mdogo wangu. Naja baada ya mwezi mosi inshallah. Huo mlango wa nyuma anza kuchomoa swichi yake, skrubu moja tu, uisugue na msasa laini, mara nne kwa tano shida ni kutu.